Kifuniko cha Chini ya Mkia

Kaka yangu alikuwa fundi wa ndege ndogo kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakupanda ndege hata mara moja. Watu wakimuuliza sababu, anawaambia, "Mimi nimeziona ndani. Nyinyi pandeni." Halafu anacheka kicheko chake cha tumboni, mabega yanatikisika lakini sauti haitoki.

Nilihamia kwake baada ya wifi yangu kufariki. Mimi mwenyewe nilikuwa mjane wa miaka mitatu, wanangu wameshaoa na kuolewa, nikaona haina maana watu wawili wa tumbo moja kula kila mmoja peke yake kama wametengwa. Nilikuta nyumba ya mwanamume hasa: sufuria moja, kikombe kimoja, na kabatini, palipokuwa na nguo za wifi, makopo ya skrubu yamepangwa kwa ukubwa. Kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile kilikuwa na kufuli, nacho ni kisanduku cha bati kilichokaa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na muhuri wake wa kazi.

Ulikuwa muhuri mdogo, mpini wake wa mbao, una namba yake aliyopewa na wakubwa wa mambo ya ndege. Alinieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto wa shule, na mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Kila ndege lazima ikaguliwe yote mara moja kwa mwaka, na bila fundi mwenye namba kugonga muhuri kwenye kitabu chake, haina ruhusa ya kuruka. Kuupata muhuri ule alifeli mtihani mara mbili, wa tatu ndio akapita.

"Hili ndilo jina langu," aliniambia akiushika. "Lile walilonipa wazazi ni la kuitiwa chakula."

Ndege alizozikagua zilikuwa nyingi, lakini iliyokuwa ya moyo wake ilikuwa ya Mfamasia. Mtu asije akadhani Mfamasia alikuwa tajiri. Alikuwa na duka la dawa la milango miwili na ndege kuukuu ya viti vinne aliyoachiwa na mjomba wake. Alipeleka nayo dawa kwenye zahanati za mbali, kule ambako mvua ikinyesha barabara inageuka mto. Ndege ile ilimla mwenyewe. Ilikula faida ya duka, ikala kiwanja cha kujengea, na mkewe alikuwa akisema mbele za watu kwamba ana mke mwenza, anaishi uwanjani, anakunywa petroli.

Mwaka wa kwanza alipoletewa gharama za ukaguzi na karakana ya mjini, alikuja kwa kaka na karatasi mkononi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila hata kusalimia.

"Fundi, niuze ndege au niuze figo?"

Kaka aliisoma ile karatasi mpaka chini. "Kinachokumaliza si macho ya fundi," akamwambia. "Macho bei yake nafuu. Kinachokumaliza ni bisibisi. Hawa siku mbili wanafungua, siku mbili wanafunga, na wewe unawalipa ufundi kwa kazi ya kufungua kopo la samaki."

"Sasa?"

"Sasa fungua mwenyewe. Inaruhusiwa, mradi mimi nipo nakuangalia. Toa viti, toa vifuniko, osha tumbo lake, mwaga oili. Mimi nitazame tu. Na mwaka mzima ukisikia kitu kinalia, usikifanye siri. Andika kwenye daftari, tutafute kipuri mapema. Kipuri cha kukimbizana nacho siku ya ukaguzi kina bei ya kukimbizana."

Basi ikawa hivyo miaka minane. Gharama zilishuka zaidi ya nusu, na Mfamasia, aliyekuwa hajui kushika hata nyundo, akawa na mikono yenye sugu na majivuno. Ilikuwa kama sikukuu yao wawili. Asubuhi Mfamasia anafungua, anapiga mluzi, anaosha uchafu wa oili kwa mafuta ya taa, na kaka anamtania, "Mheshimiwa, hiyo ni skrubu, si kidonge. Usiihesabie dozi."

Mimi kazi yangu ilikuwa tepe. Ndege ile ilikuwa na vifuniko thelathini na kimoja vya kufungua, vingine vikubwa kama sinia, vingine vidogo kama kiganja. Kaka alinishonesha tepe nyekundu thelathini na moja, urefu wa dhiraa moja kila moja. Kila kifuniko kikitolewa, pale penye tundu hufungwa utepe. Kikishakaguliwa na kurudishwa, utepe unarudi kwenye mfuko. Mwisho wa kazi mimi ndiye nilihesabu mfuko, na zikitimia thelathini na moja, kaka anajaza karatasi zake na kugonga muhuri. Mlinzi wa getini, mtu wa maneno huyo, kila mwaka akiziona zinapepea ananipigia kelele, "Mama, bibi harusi kashavishwa! Pilau lini?"

Kulikuwa na jambo jingine kati yao. Kaka akiwa anakagua hasemi. Hata umwambie nyumba inaungua, anakuinulia kidole. Kwa hiyo walipatana kwa ishara: akimaliza kutazama tundu moja, anaiweka tochi chini ya tundu hilo, anafuta mikono kwa kitambaa, kisha anaiokota kwenda jingine. Tochi ikilala chini, hapo pameshaonekana. Miaka yote ishara ile haikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu hakuna kifuniko kilichofungwa mpaka vyote viwe vimetazamwa.

Mwaka wa tisa, mwenye lile banda la kuwekea ndege alipandisha kodi, tena akaanza kuitoza kwa siku. Mfamasia akaja na wazo.

"Fundi, tunakaa siku nne humu. Kwa nini mimi nisikufuate nyuma? Wewe unatazama, mimi nafunga. Siku mbili tunatoka."

Nilikuwepo, nilikuwa nachambua tepe. Kaka akasema, "Sipendi." Mfamasia akasema, "Hupendi nini? Macho ni yako, bisibisi ni yangu, ulisema mwenyewe." Kaka akacheka mabega yake. Akakubali.

Siku ya pili ya kazi nilifika bandani saa saba na chakula. Nilikuwa pia na betri mbili mpya za tochi, alizoniagiza asubuhi maana aliona zile za zamani zinafifia. Nilimkuta amepiga magoti chini ya mkia, tochi iko chini, yeye anasugua macho.

"Umeleta betri?"

"Nimeleta. Lakini kula kwanza, chakula kinapoa."

"Nimalize hapa kwanza."

"Kaka, tangu alfajiri una chai kavu tumboni. Kula kwanza."

Alikuwa mtu wa kunisikiliza, Mungu amrehemu. Akainuka, magoti yanalia, tochi akaiacha palepale, tukaenda kukaa mlangoni penye upepo. Alikula akamaliza. Mfamasia akamletea tochi, akaitia betri mpya, zile zilizokufa akazitia mfukoni mwa ovaroli, akarudi kazini. Jicho lake lilifuata tepe kama siku zote. Alikwenda penye utepe uliofuata, na penye uliofuata, mpaka zikaisha. Jioni nikahesabu mfuko, thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili. Kaka akajaza karatasi, akafungua kisanduku, akagonga muhuri, na Mfamasia akamkumbatia akimwambia, "Siku mbili, Fundi! Siku mbili!"

Siku ya tatu yake nilikuwa uani nafua. Mimi kila nguo naipapasa mifuko kabla ya kuiloweka, maana kaka alishawahi kunipasulia beseni kwa spana. Nikakuta zile betri, zimeanza kutoa maji.

"Kaka, hizi nitupe?"

Alikuwa kibarazani anatengeneza pasi ya jirani. Alizipokea akaziweka kiganjani, akawa kama anazipima uzito. Kisha akauliza, lakini si mimi aliyeniuliza, "Zilizima wapi hizi?"

Niliona vidole vyake vinatembea hewani. Alifumba macho, akaanza kuizunguka ile ndege kichwani, mkono unafungua, unamulika, unaweka chini. Bawa la kulia, tumboni, ubavuni, mkiani. Mkiani mkono ukasimama. Ukarudi nyuma, ukaenda tena, ukasimama palepale.

"Dada," akasema. "Kifuniko cha chini ya mkia sikukitazama."

"Lakini tepe zilitimia."

"Zilitimia kwa sababu alikifunga. Aliiona tochi chini."

Ndege ilikuwa imeondoka asubuhi ile. Mfamasia alikwenda kumchukua binti yake aliyejifungulia ukweni, amrudishe nyumbani na kichanga cha siku kumi na nne, mjukuu wake wa kwanza. Saa tisa wangeruka kurudi. Saa yetu ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika chache.

Kaka akapiga simu. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo nilisikia yote.

"Fundi! Usinitishe, ni mke wangu kakutuma? Mwambie nakula wali wa wakwe, niko salama."

"Sikiliza. Kifuniko cha chini ya mkia, ulikifunga wewe."

"Vyote nimefunga mimi. Si ndiyo kazi uliyoniajiria?"

"Sikukitazama."

"Tochi ilikuwa chini."

"Betri ziliisha. Niliiweka chini kwa sababu ziliisha."

"Sasa Fundi, mkia nimekuja nao, na nimetoka kuuangalia, upo. Nimeupiga kofi kabisa, haukulia."

"Usinitanie. Mle ndani mna kebo inayoinua mkia na kuushusha. Mwaka jana niliona kutu kwenye kigurudumu inamopita, tukaandika kwenye daftari kwamba mwaka huu tuitazame vizuri. Ndicho nilichokuwa natazama tochi ikazima. Kebo ile ikikatika uko juu, huna cha kufanya. Kifungue sasa hivi."

"Nikifungue kwa nini, kijiko? Bisibisi zote ziko bandani. Wewe ndiye uliyesema nisibebe uzito."

"Basi usiruke."

"Fundi, nina mzazi hapa na kitoto. Barabara ni siku mbili juu ya lori. Nitakuja polepole, nikitua ukifungue mwenyewe, na atakayejua ni wewe, mimi na Mungu."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara ya tatu, ikawa imezimwa.

Mimi nina jambo langu la kukiri, na nimelikiri kwa Mungu mara nyingi. Nilimwona kaka anatazama juu ya kabati, kwenye kile kisanduku, nikaelewa anafikiri nini. Ili ndege ile izuiwe ilikuwa lazima awapigie watu wa mnara wanaoongoza ndege, na awape sababu, na sababu yenyewe ilikuwa moja: kwamba amegonga muhuri juu ya kitu ambacho hakukiona. Kwa kosa hilo fundi hapewi onyo, anapokonywa muhuri. Nami nikasema, "Kaka, pengine tungoje. Amesema atakuja polepole. Tuombe Mungu."

Hakunikaripia. Alisema tu, "Mle ndani mna mtoto, dada."

Akapiga simu mnarani amesimama wima, kofia ameivua. Alitaja jina lake, lile la wazazi, kisha namba ya muhuri. Akasema, "Nimeweka muhuri na kuna mahali sikutazama. Msimruhusu aruke." Wakamwuliza tena kama wanaosikia vibaya. Akarudia. Wakampeleka kwa mkubwa, akarudia mara ya tatu, maneno yaleyale. Alipomaliza akarudi kwenye pasi ya jirani, akakaza skrubu iliyobaki, akaiwasha kuona kama inapata moto.

Ndege ilizuiwa kule kule. Binti na kichanga walirudi juu ya lori siku mbili, na mtoto alifika na homa, ingawa alipona. Baada ya siku tano wakaguzi walikwenda wakakifungua kile kifuniko. Kebo ilikuwa nzima. Ile kutu ya mwaka jana haikuongezeka hata kidogo. Mtu angeweza kuruka nayo miaka mingine.

Waliotumwa kuchukua muhuri walikuwa wawili, mwanamume asiyesema na mwanamke kijana mwenye adabu. Niliwapa chai. Yule mwanamke alimwuliza kaka maswali yake, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, ungenyamaza, tusingejua kamwe."

"Ni kweli."

"Na kitu chenyewe kilikuwa kizima."

"Nimeambiwa. Nimeshukuru sana."

"Sasa nikuandikie nini hapa kwenye utetezi?"

"Usiniandikie kitu, mwanangu. Kunywa chai."

Akawapa kisanduku na ufunguo wake. Yule mwanamume akataka kuutoa muhuri achukue huo tu, kaka akamwambia achukue na kisanduku, hana kingine cha kuweka humo.

Mfamasia alikuja wiki ya saba. Wakaguzi waliishikilia ndege yake huko muda wote huo, wakataka ifunguliwe yote upya na karakana ya mjini, mafundi wasafirishwe, walale hoteli, walipwe. Zahanati zilitafuta mtu mwingine wa kuwapelekea dawa. Hakukaa. Alitupa mezani mfuko wa tepe alioutoa bandani.

"Miaka minane umenisaidia kupunguza. Kwa siku moja umenila kaguzi kumi. Kumi, Fundi! Na ndani hamna kitu!"

"Hamna kitu," kaka akasema. "Nashukuru."

"Unashukuru nini? Nimefilisika na wewe unashukuru nini?"

"Kwamba hamna kitu."

Mfamasia alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa akili. Nilidhani atampiga. Lakini akageuka, akatoka bila kuniaga, yeye ambaye kila siku aliniita dada. Kaka alivuta ule mfuko, akamwaga tepe mezani, akaanza kuhesabu. Nilipomwuliza anatafuta nini, akainua kidole.

Siku ile ndipo nilipomwambia lililokuwa linanichoma, kwamba mimi ndiye niliyesema kula kwanza. Alimaliza kuhesabu. Akasema, "Chakula kilikuwa kizuri," na hatukulizungumza tena.

Baada ya hapo alitengeneza cherehani na pampu za maji. Mikono ilikuwa ileile, lakini alianza kuinama. Vijana wa uwanjani walimpa jina la Mzee Nimejishtaki, wakimwona njiani wanaitana na kucheka. Yeye anawapungia. Mlinzi wa getini peke yake ndiye aliyeendelea kumpigia saluti, ingawa hakuwa na ruhusa tena ya kumpitisha.

Ndege ya Mfamasia ilirudi angani mwaka uliofuata. Alipata fundi mwingine, wa bei nafuu kuliko hata miaka yetu, ambaye huko uwanjani wanamwita Nusu Siku, kwa kuwa ndiyo muda wa ukaguzi wake. Hatumii tepe. Mlinzi alituambia vifuniko vingi havishuki kabisa. Kaka alimwandikia Mfamasia barua mbili, mimi nikazipeleka dukani mwenyewe. Ya kwanza aliipokea mkewe. Ya pili ilirudishwa haijafunguliwa.

Kila Jumanne na Ijumaa ilipita juu ya nyumba yetu. Kaka aliujua mlio wake hata akiwa usingizini. Anaacha anachokifanya, anatoka uani, anasimama kichwa juu mpaka sauti ipotee kabisa upande wa milimani, ndipo anarudi ndani. Jioni anatoka tena kuingoja irudi. Mvua ikinyesha anatoka na gunia kichwani. Nilimwambia, "Kaka, utaumwa kifua." Akasema, "Nasikiliza tu."

Aliumwa kifua kweli. Alifariki mwaka wa tatu baada ya kunyang'anywa muhuri, siku ya Jumanne, kabla ya ndege kurudi. Mfamasia alikuja mazikoni. Alisimama nyuma ya watu wote, kofia mkononi, na walipoanza kutupa udongo aliondoka. Ijumaa yake ndege ilipita kama kawaida. Nasikia siku nyingine humo huwemo yule mjukuu, sasa anaongea, anapenda kukaa mbele karibu na babu yake.

Mimi naishi bado katika nyumba ile. Zile tepe nafungia mifuko ya unga. Saa zikifika najikuta nimetoka uani na mikono yangu ya maji, nimeinua kichwa. Namwombea Mfamasia na mtoto, kisha naiombea kebo ya chini ya mkia, kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Sijui mwaka huu ni nani aliyeitazama.